Visanduku Vitatu vya Mzee Gao

Ambrosi Kikoti anafanya kazi ambayo hakuna anayeitafuta mpaka afiwe: anaandika majina ya marehemu. Karakana yake iko hapa Kihesa, mlango wa pili kutoka wangu. Mimi ni fundi cherehani. Msiba ukitokea tunagawana, mimi nashona sare za wafiwa na kitambaa cha kufunikia msalaba, yeye anachonga jiwe. Wapo wanaosema tunakula misiba ya watu. Waseme. Hao hao zamu yao ikifika huja mbio, tena wanataka wapunguziwe bei.

Kwao ni Kilolo. Alijifunza kazi kwa seremala wa parokia akiwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, miaka ile ambayo ugonjwa ulikuwa unatumaliza na kila kijiji kina kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Seremala alitengeneza misalaba ya mbao, Ambrosi akaandika juu yake kwa brashi na rangi nyeusi. Jina, kuzaliwa, kufa. Aliwaandika wajomba zake, akamwandika na dada yake. Siku moja nilimuuliza kama alikuwa halii. Akasema alilia, lakini kwanza alimaliza kuandika.

Baada ya brashi ikaja saruji, jina linachorwa kwa msumari kabla haijakauka. Baada ya saruji, tindo na nyundo juu ya jiwe. Na sasa ana mashine kutoka China, yenye kompyuta yake, inayochoma herufi kwenye graniti kwa mwanga wa leza. Unaweka jina, unabonyeza, unakuja kwangu kunywa chai na kunisimulia jinsi vijana wa siku hizi walivyo wavivu.

Ni mbishi, na ana sheria moja haiguswi: jina la mtu hasahihishi. Aliwahi kuletewa jina la marehemu mmoja wa Tukuyu, Andendekisye, akaliona limezidi urefu, akadhani mleta jina amekosea, akalipunguza kwa roho safi kabisa. Ndugu walipofuata jiwe lao nusura wamvunje yeye pamoja na mashine. Tangu hapo hataki kutamkiwa jina wala kuandikiwa kwenye karatasi. Mteja analituma kwa barua pepe, Ambrosi analinakili na kulibandika kwenye programu ya mashine vilevile lilivyo, bila kugusa kitu.

"Mimi sikuwepo kwenye ubatizo," hupenda kusema. "Kilichotumwa ndicho kilichochongwa."

Ni sheria nzuri. Hata mimi, mteja akiniambia kiuno chake ni kile cha mwaka juzi, namshonea hicho hicho.

Yudith alikuja kutoka Rujewa wakati mpunga umeshaanza kuvunwa. Dada yake anakaa hapa Kihesa, ndiye aliyemleta. Mama wa makamo, mpole, anayeongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alikuwa mjane wa Mchina.

Mumewe, Mzee Gao, alifika Rujewa kufunga mashine za kukoboa mpunga. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye akabaki, kwa sababu mashine zikishafungwa huanza kuharibika, na kwa sababu ya Yudith. Wakafunga ndoa kanisani. Aliongea Kiswahili alichojifunzia mashineni, kwa hiyo kilikuwa na matusi ambayo yeye alidhani ni salamu, na watu wakampenda hivyo hivyo. Hawakujaliwa mtoto. Mke wake wa kwanza alikwishafariki huko China na kumwachia binti, Min, aliyelelewa na bibi yake. Mwaka jana mzee alipata kiharusi, akafa, akazikwa Rujewa kwenye makaburi ya ukoo wa Yudith.

Sasa Min alikuwa anakuja. Alikuwa anawasiliana na Jofrey, mpwa wa Yudith anayesoma chuo Mbeya, maana Kiingereza chao wote wawili kinatosha kuelewana. Alisema atahudhuria ibada ya kusimika msalaba, na baada ya hapo ataamua. Ukoo wao ulitaka mifupa irudi China. Hawakutaka mtu wao alale ugenini kama aliyepotea njia.

"Mama Aroni," Yudith aliniambia, ameshika kitambaa cheupe nilichomkatia lakini hakioni, "wakimchukua mimi nabaki na nini? Mtoto wake sina. Nina kaburi tu."

Ndiyo maana alitaka jiwe la maana. Graniti nyeusi, jina lake kwa Kichina kubwa juu, kwa herufi zetu chini. Binti akifika aone kwamba baba yake alizikwa na watu waliomjua. Mimi nilishona lesi pembezoni mwa kile kitambaa mara mbili, ingawa alilipia moja.

Jina lilipatikana hivi. Jofrey alikuwa na mkataba wa kazi wa mzee kwenye simu yake, faili la PDF. Akaligusa jina la Kichina, akalinakili, akamtumia Ambrosi kwa barua pepe, kama sheria inavyotaka.

Ambrosi akafungua barua pepe kwenye kompyuta ya karakana. Akaona visanduku vitatu. Vitupu, vimepangana, kama madirisha ya nyumba ambayo haijahamiwa.

Mtu mwingine angepiga simu. Ambrosi alifanya uchunguzi. Pembeni mwa mashine yake kuna kibati chenye maandishi ya Kichina kilichokuja nayo, na humo kweli kuna vijisanduku, kimoja kimebeba kingine, kingine kimefunikwa. Alivitazama, akatazama kioo, akatazama tena kibati. Kichina kina maboksi, akasema moyoni, na Mzee Gao amejaliwa jina jepesi. Akajaribisha kwanza kwenye kipande cha mbao, kama afanyavyo siku zote, yakatoka maboksi yaliyonyooka vizuri sana. Kisha akachoma graniti. Kile kipande cha mbao alinipa mimi, nikawa natulizia pasi.

Yudith alipokuja kuchukua jiwe alilitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kisanduku cha kwanza, pande zote nne.

"Ndilo?" akauliza.

"Kama lilivyotumwa, mama."

"Haya. Basi ndilo."

Tukalifunga kwenye godoro kuukuu, likapanda basi la Mbeya, likashushwa Rujewa, na fundi wa huko akalisimamisha kwenye saruji.

Mwalimu Lea aliingia kwangu siku ya Alhamisi kujaribu gauni. Ibada ilikuwa Jumamosi. Lea anafundisha Kichina kwenye sekondari moja hapa mjini, msichana mwepesi wa kucheka, na nilikuwa nimembana na pini kiunoni alipoona kile kipande cha mbao chini ya pasi.

"Mama Aroni, haya maboksi ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Si lugha yako hiyo! Ni jina la Mchina wa Rujewa."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hili si jina. Hii ni kompyuta inasema haina hiyo herufi. Ikikosa mchoro wa kukuonyesha, inakuchorea kisanduku kitupu."

Nilimwita Ambrosi kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia. Alikuja akifuta mikono, akasikiliza, akakataa.

"Mimi nimenakili, mwalimu. Sikuongeza wala sikupunguza."

Tukaenda wote kwenye kompyuta, Lea na pini zake kiunoni. Akafungua ile barua pepe, visanduku vitatu vikatutazama. Lea akaituma kwenye simu yake, akaifungua, na pale kwenye simu lilikuwepo jina zima: 高金山. Lina miguu, lina mapaa, lina kila kitu.

"Umeona?" Ambrosi akasema. "Lipo! Jofrey hakukosea, na mimi sikukosea."

"Subiri." Lea akainama kwenye kompyuta ile ile ya karakana na kuandika jina lile yeye mwenyewe, mbele ya visanduku. Likatokea bila tatizo. Kwa hiyo sasa kwenye kioo kimoja tuliona jina, na pembeni yake visanduku, na Lea anasema vyote viwili ni jina lile lile. Ambrosi alivuta stuli akakaa. Huwa hakai mbele ya wateja.

Lea akaeleza, na mimi nasema nilivyoelewa. Herufi za Kichina ni maelfu kwa maelfu, huwezi kuzipanga kwenye kamusi kuanzia A. Kwa hiyo wazee wao waliangalia vipande vinavyojirudia ndani ya herufi, wakachagua mia mbili na kumi na vinne, na kila kipande kikawa kichwa cha kundi lake. Herufi yenye kipande cha maji unaitafuta chini ya kichwa cha maji, yenye kipande cha mlima chini ya mlima. Na vingi kati ya vichwa hivyo ni maneno kamili yanayojitegemea. Mlima ni kichwa cha kundi kwenye kamusi, na mlima ni neno la kila siku, na vinachorwa sawasawa.

"Lakini kompyuta haihifadhi mchoro," Lea akasema. "Inahifadhi namba. Kila herufi duniani imepewa namba yake, hata hii a yetu. Sasa waliogawa namba walimpa mlima wa kawaida namba yake, halafu wakampa mlima wa kichwa cha kamusi namba nyingine, ili watu wa kamusi wakitaka kutaja kichwa waweze kukitaja. Faili la PDF likitengenezwa vibaya, programu inaona mchoro ni ule ule, inashika namba ya kichwa badala ya namba ya neno. Ukisoma huoni tofauti yoyote. Ukinakili, unanakili namba."

"Na simu ya Jofrey?"

"Simu mpya zina michoro ya namba zote mbili. Kompyuta yako ya zamani, kaka Ambrosi, ina michoro ya maneno. Ya vichwa haina."

Na Mzee Gao, kwa bahati mbaya yake, alikuwa na jina la herufi tatu, maana yake juu, dhahabu na mlima, na zote tatu ni vichwa. Angekuwa na jina jingine pengine ingepotea moja, na hata Ambrosi angeshtuka.

Mimi nilielewa haraka, sijisifu, ni kwa sababu ya kazi. Ninacho kitabu cha sampuli kutoka kwa muuza vitambaa, vipande vidogo vimebandikwa, kila kimoja na namba yake. Kipande ni kitambaa kile kile kilichoko kwenye jora, rangi ile ile, ukishika huoni tofauti. Lakini ukiagiza kwa namba ya sampuli, duka la Dar linakujibu halina mzigo huo. Kipande ni cha kuonyeshea. Jora ndilo la kushonea. Jofrey alituma namba za sampuli.

"Basi lifutwe," nikasema. "Uchome upya."

Ambrosi akatikisa kichwa. Graniti iliyochomwa haifutiki. Jiwe jingine la ukubwa ule halipatikani kwa siku moja, na lile la Rujewa limeshashikwa na saruji, ukiling'oa unalivunja. Mashine haibebeki kwenye basi. Alisema yote haya kwa sauti ya kawaida, lakini nikaona ameogopa kweli. Simjui mtu huyu kwa woga. "Yule binti ataamua kwa jiwe lile," akasema. "Atafika aone baba yake ameandikiwa hakuna."

Lea hakuweza kusafiri, wanafunzi wake walikuwa kwenye mtihani. Lakini alichukua karatasi yangu ya kukatia ruwaza na kuchora herufi tatu kubwa, kila moja ukubwa wa kisanduku chake, na mishale ya kuonyesha mstari upi unaanza. Ambrosi akatoa tindo zake za zamani, akaanza kuzinoa. Ijumaa asubuhi tulipanda basi pamoja, mimi na kitambaa changu chenye lesi mbili, yeye na mfuko wa vyuma ambao kondakta alitaka kuulipisha nauli.

Tulifika Rujewa jioni. Yudith alikuwa amepokea ndugu kutoka pande zote na masufuria yamepangwa uani. Ambrosi hakusubiri chai. Alimwomba tukae pembeni, akamweleza yote, ya vichwa na ya namba, kwa kirefu, kama anayejitetea, mpaka nikamkanyaga mguu ili afike mwisho.

"Kwa kifupi, mama, pale hapajaandikwa jina. Pameandikwa hakuna kitu."

Yudith akakaa kwenye gunia la mpunga. "Nilijua," akasema.

Ambrosi akachuchumaa mbele yake.

"Nilijua halijakaa sawa. Jina lake nimeliona kwenye karatasi zake miaka yote hiyo, lina kofia pale mwanzoni, lina miguu. Lakini pale kwenu, mbele za watu, niliona aibu. Nitasemaje kwamba jina la mume wangu silijui kuliangalia? Nimeishi naye, nimemfulia, nimemuuguza, halafu naletewa maboksi matatu nasema ndilo." Akalia, na mimi nikalia naye. Ambrosi aliangalia mfuko wake wa vyuma.

"Aibu ni ya kwangu, mama," akasema. "Alfajiri nitakuwa kaburini."

Na kweli, kulipopambazuka alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Visanduku havikuweza kutoka, kwa hiyo kila herufi ilibidi ikae ndani ya kisanduku chake. Herufi moja moja, alibandika karatasi ya Lea, akapitisha msumari juu ya mistari, akaitoa, akaanza kugonga. Graniti haina huruma. Tindo inateleza, vumbi linaruka, mstari wenye urefu wa kidole unakula muda wa kupika chai. Herufi ya kwanza, ile yenye kofia, ilimtoa jasho katika baridi ile ya asubuhi. Kwenye ya pili mikono ilianza kukumbuka. Yudith alisimama nyuma yake na khanga mabegani, akifuatisha kila mstari kwa midomo, ingawa hakuwa na neno la kutamka.

Wageni walitegemewa saa nne. Min alifika saa mbili. Alikuwa ametua Mbeya jana yake, na Jofrey alimleta moja kwa moja makaburini kwa sababu alitaka kumwona baba yake kabla ya watu. Dada wa umri wa miaka thelathini na kitu, miwani, nywele fupi, koti limefungwa vifungo vyote. Ambrosi alikuwa anamalizia herufi ya pili. Kisanduku cha tatu kilikuwa kitupu.

Nilikuwa na kitambaa mikononi. Nilikikunjua nikapiga hatua, nia yangu ni kulifunika jiwe na kusema mambo bado hayajawa tayari, mgeni akanywe chai kwanza.

"Acha, Mama Aroni," Yudith akasema. "Aone."

Min akaja mpaka mbele ya jiwe. Akatazama herufi mbili, akatazama kisanduku, akasema kitu. Jofrey akakohoa. "Anauliza kwa nini la mwisho ni tupu."

"Mwambie tulikosea," Yudith akasema. "Mwambie lilikuja likiwa maboksi matatu, likachongwa, likasimikwa, na mimi mke wake sikujua."

"Mama mdogo, naweza kusema tu kwamba fundi hajamaliza."

"Mwambie kama nilivyosema."

Jofrey akamwambia. Sijui Kiingereza cha kutosha, lakini neno PDF nililisikia, na nikamwona Jofrey anajigusa kifua kuonyesha kwamba ni yeye aliyenakili. Min alisikiliza bila kukunja uso wala kuukunjua. Akauliza swali, akajibiwa, akavua miwani akaifuta. Nilikuwa namwangalia Yudith, ameshika pindo la khanga kwa mikono yote miwili kama anayesubiri hukumu mahakamani, na nilimchukia yule binti kwa uso wake ule mkavu, nasema kweli.

Kisha Jofrey akatafsiri. "Anasema hata kwao hutokea. Ofisini kwake hutafuta jina kwenye faili, kompyuta inamwambia hakuna, na yeye analiona kwa macho yake."

Min akanyoosha mkono kwa Ambrosi. Ambrosi alidhani anasalimiwa, akafuta kiganja. Alikuwa anaomba kipande cha chaki kilichochungulia kwenye mfuko wa vyuma. Akapiga magoti pale pale na koti lake, na ndani ya kisanduku cha tatu akaandika mlima: mstari mmoja katikati, kisha mmoja unaoshuka na kukunja kwenda kulia, kisha mmoja wa mwisho. Akasema watoto kwao huanza kujifunza kuandika hivyo, kila herufi ndani ya kisanduku chake, na wa kwanza kumkalisha chini na kumfundisha alikuwa baba yake. Ambrosi akasubiri ainuke, akapitisha tindo juu ya chaki yake.

Saa nne ibada ilianza na jiwe lilikuwa limefunikwa kwa lesi zangu. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, Yudith na Min wakavuta kitambaa pamoja. Watu wakasogea kuona. Hakuna aliyeuliza habari za visanduku, walidhani ni mapambo. Tukala wali, na wali wa Rujewa hauhitaji niusifie. Lakini Yudith hakula. Min alikuwa bado hajasema neno kuhusu mifupa, na kila alipomwegemea Jofrey kumnong'oneza, kijiko cha Yudith kilisimama.

Baada ya chakula Min aliomba wazee warudi naye kaburini, na Ambrosi aje. Mzee Sedekia, kaka mkubwa wa Yudith, akaenda na fimbo yake. Min akaonyesha nafasi iliyobaki kwenye jiwe, pembeni ya jina la baba yake, na kuongea kwa muda. Jofrey alipotaka kutafsiri akasita.

"Anaomba hapa liandikwe jina la mama mdogo."

Pakawa na kelele. "Mungu apishe mbali!" Mzee Sedekia akasema. "Mtu mzima, anakula, anatembea, aandikwe kaburini? Huko ni kukiita kifo kije kumchukua!"

Jofrey akaeleza zaidi, anaongea huku anamwangalia mjomba wake kwa wasiwasi. Huko kwao mume na mke huandikwa jiwe moja. Aliyekufa jina lake linaachwa hivi hivi. Aliye hai jina lake linapakwa rangi nyekundu, ili kila apitaye ajue huyu bado yupo, na siku yake ikifika rangi inatolewa. "Anasema yeye akirudi bila mifupa, bibi na ndugu za baba yake watamuuliza baba amemwacha na nani. Anataka awaonyeshe picha. Anasema kama jina la mama haliwezi kukaa hapa, haelewi atawajibu nini, na itabidi amchukue baba."

Sedekia akaendelea kugomba. Alikuwa na haki yake, mimi pia nywele zilinisimama. Mchungaji akatazama viatu. Yudith alikuwa anaangalia ile nafasi tupu ya graniti, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza haongei kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Kaka, nyamaza," akasema. "Jofrey, nenda mashineni. Waambie wakupe ile rangi nyekundu ya kuwekea alama magunia, na brashi."

Sedekia akanyamaza. Nadhani hakuwa ameambiwa hivyo tangu azaliwe.

Ambrosi akapiga magoti, akachukua tindo, akaiweka chini tena. Maisha yake yote ameandika watu ambao hawawezi kumkosoa. Huyu alikuwa amesimama juu yake, kivuli chake kimelala kwenye jiwe, anapumua. Akampa chaki. "Andika mwenyewe, mama. Mimi nitafuata."

Yudith akaandika jina lake kwa herufi za darasani, kubwa, zikipanda kidogo kulia. Ambrosi alizifuata zilivyo, hata pale zilipopanda. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeondoka, hata Sedekia. Jofrey aliporudi na kopo, Yudith alikataa kumpa mtu brashi, akapaka mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, mpaka nyekundu ikajaa ndani ya michongo na nyingine ikachuruzika. Min akapiga picha, akapiga nyingine, kisha akaishusha simu akawa anatazama tu.

Yudith akanyoosha mgongo. Akasoma kwa sauti, kwanza jina la mumewe lililoandikwa kwa herufi zetu, kisha lake. Akamgeukia Min, ingawa alijua hataelewa, na kumwambia kwa Kiswahili.

"Sasa waambie yuko na mke wake."